Jeneza la Watu Watatu

Nchi ya Usahihi ipo, ila haiendwi kwa matembezi. Wengi waliofika huko walifika kwa sababu walikuwa na mtu wao, na Mwanakombo binti Kitwana alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane asiye na mtoto, mwenye miaka hamsini na minane, na alikuwa amezoea kusema jambo mara moja likasikika. Alikwenda Usahihi kumgombeza mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Shomvi, na kazi yake ilikuwa kuchimba visima. Alihamia huko miaka kumi na miwili nyuma, kwa kuwa ardhi ya Usahihi ni kavu na mchimba visima hakosi wa kumwita. Akaoa huko huko, akapata binti. Barua zake zilikuwa fupi lakini zilifika kila mwezi, mpaka zikakatika. Miezi minane ikapita kimya. Kisha ikaja barua ya mkewe, Semeni, na ndani yake mlikuwa na mstari mmoja tu: "Wifi, salaam nyingi. Mume wangu ametoka kidogo."

Mwanakombo aliusoma mstari ule akauelewa kama mtu yeyote wa kwao angeuelewa. Mwanamume aliyetoka kidogo kwa miezi minane ana nyumba nyingine. Akafunga mizigo yake kwa hasira, na safari nzima alikuwa anapanga maneno atakayomwambia.

Alipoingia mji mkuu wa Usahihi, jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba watu hawakuongozana. Barabara ilikuwa pana na watu walikuwa wengi, lakini kila mmoja alikwenda peke yake, hatua hamsini nyuma ya mwenzake. Hapakuwa na wawili waliotembea wakipiga soga, wala mama aliyeshikana mkono na mwanawe. Alimsimamisha mwanamke mmoja kumuuliza njia. Mwanamke yule akabaki palepale aliposimama, mbali, akamjibu kwa sauti ya juu, na badala ya kunyoosha mkono akaelekeza kwa kidevu. Mbele ya nyumba, wanawake walifagia wameinama mpaka paji la uso karibu liguse vumbi, kwa kuwa fagio zao zilikuwa fupi kama kiganja. Wazee hawakuwa na bakora. Walikwenda wakijishikiza kwenye kuta, na ukuta ulipokwisha walisimama wakangoja kupata nguvu ya kuuvuka uwazi hadi ukuta mwingine.

Mwanakombo aliyaona hayo yote akayaweka moyoni. Alikuwa na la kwake la kushughulikia.

Semeni alifungua mlango kidogo, akamvuta ndani.

"Ingia upesi, wifi. Humu tuko wawili. Ukiingia wewe tunakuwa watatu, na watatu inaruhusiwa."

"Shomvi yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Semeni, sikusafiri siku zote hizo kuja kufichwafichwa. Kama ana mke mwingine niambie. Mimi ndiye niliyemlea, na mimi ndiye nitakayemsema."

Semeni alimtazama. Mdomo wake ulianza kucheka, kisha kicheko kikamshinda, akajishika ukuta na kukaa chini pale pale mlangoni. Ndipo Mwanakombo alipoelewa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamwishia kinywani.

Baadaye, walipokwisha kulia kwa sauti ya chini, Semeni alimweleza mambo ya nchi ile.

Usahihi ilikuwa vitani na watu wa milimani. Vita hivyo vilianza zamani na kila upande ulikuwa na maelezo yake. Serikali ilikuwa na chombo kilichozunguka angani mchana na usiku. Watu walikiita Jicho. Hukioni, lakini ukitega sikio utasikia mlio mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Jicho lilimtafuta adui na kumpiga. Kutoka kule juu, watu wanne walio pamoja walikuwa kikosi. Kitu kirefu chenye tundu kilikuwa mzinga. Mkono ulionyanyuliwa kupita bega ulikuwa ishara ya kijeshi. Hakuna aliyezitunga sheria hizo. Watu walizijua kwa kuangalia nani amekufa na alikuwa akifanya nini. Miaka ilipopita serikali ikaziandika kwenye kijitabu, na ukurasa wa kwanza ukawashukuru wananchi kwa ushirikiano wao.

"Shomvi alizijua zote," Semeni alisema. "Alikuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote hapa. Siku ile walikuwa wanapeleka mabomba kijiji cha Mchongoma, kisima kilikuwa kimeshapata maji. Mabomba waliyaziba midomo kwa matambara, yasionekane tundu. Walikuwa watatu, yeye, Mbaruku na Tindwa. Watatu tu, wifi."

"Sasa kwa nini?"

"Walikuwa na punda."

Binti yake Shomvi, Hidaya, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele. Aliinua uso akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza saa ngapi:

"Shangazi, huko kwenu mtu akitoka kidogo huwa anachukua muda gani?"

Mwanakombo alikuwa ameulizwa maswali na watoto kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa hilo aliketi kando ya Hidaya, akachambua naye mchele.

Kesho yake alikwenda Ofisi ya Uhakiki. Alitembea peke yake, hatua hamsini nyuma ya mwanamume aliyebeba kuku, na njia nzima hakuna aliyemsalimia kwa karibu. Msajili Mkuu aliitwa Bwana Mtengeti. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, na alimpa kahawa kabla ya kumpa kiti.

"Pole kwa safari," alisema. "Nimemsoma ndugu yako. Mchimba visima. Tunamkumbuka kwa mema."

"Basi mnajua amekufa."

Bwana Mtengeti akaweka kikombe chini taratibu. "Hilo ndilo linalotutatiza. Katiba yetu, kifungu cha kwanza, inasema Jicho halikosei. Anayepigwa na Jicho ni adui. Ndugu yako hayumo katika orodha ya maadui. Kwa hiyo hakupigwa. Asiyepigwa hakufa. Na aliye hai asiyekuwepo nyumbani, kisheria, ametoka kidogo."

"Mifupa yake iko wapi?"

"Ghala namba sita, mfuko wa kitani. Tunautunza vizuri sana."

"Mnatunza mifupa ya mtu aliye hai?"

"Tunamtunzia," alisema msajili, na hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Hilo ndilo lililomtisha Mwanakombo kuliko maneno yenyewe.

Alimuuliza juu ya punda. Bwana Mtengeti alifungua jalada akamsomea: Jicho liliripoti viumbe wanne na mizinga sita. Halikusema watu wanne, lilisema viumbe, na viumbe walikuwa wanne kweli. Jalada lilikuwa safi. Kisha akamweleza kuwa hata watu wa milimani, ambao makombora yao yaliangukia masoko na shule za Usahihi, waliandika barua kila mwaka kuthibitisha kwamba hawajawahi kumuua mtu yeyote isipokuwa adui. Katika jambo hilo moja pande mbili zilikubaliana bila msuluhishi.

"Na mkewe?" Mwanakombo aliuliza. "Hajakaa eda. Hawezi kuomboleza, hawezi kuolewa. Majirani wakimwona wanamuuliza kama mume wake amerudi."

"Wanatakiwa kuuliza. Ni kanuni ya heshima."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Ndugu anaweza kuja hapa akamwandikisha marehemu kuwa adui. Hapo atakuwa amekufa, na tutatoa mifupa azikwe kwa heshima zote. Ila nyumba ya adui huwekwa alama juu ya paa, rangi nyeupe, ili Jicho liijue."

"Liijue ili iwe nini?"

Bwana Mtengeti alivua miwani akaifuta. "Mama, kunywa kahawa. Inapoa."

Siku tatu zilizofuata Mwanakombo alipeleka shauri lake Baraza la Maneno, mahali ambapo, aliambiwa, mambo ya aina ile yalikuwa yakijadiliwa. Ilikuwa kweli. Wajumbe arobaini walikuwa wamekaa bega kwa bega ndani ya ukumbi wenye muhuri maalumu juu ya paa, uliowaruhusu kuwa wengi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike Usahihi kuona watu waliogusana, na aliona haya mwenyewe jinsi alivyotamani kukaa katikati yao.

Wajumbe walikuwa katika mwezi wa kumi na moja wa mjadala. Walikubali kwamba wako watu wasiokuwa maadui ambao hawaonekani tena baada ya Jicho kupita. Walikubali kwamba jambo hilo linasikitisha. Walichoshindana ni jina. Upande mmoja ulitaka waitwe "waliopitiwa". Upande wa pili ulisema neno hilo lina mashaka, kwa kuwa hata aliyesinzia husema amepitiwa, na ukapendekeza "walioachana nasi kwa bahati". Mjumbe mmoja mwanamke alisimama akazungumzia watoto wa Mchongoma ambao hadi leo wanakunywa maji ya dimbwi, akalia machozi ya kweli mpaka karani akampelekea leso. Kisha akapiga kura kutaka neno "bahati" liandikwe kwa herufi kubwa.

Mwanakombo aliporuhusiwa kusema alisimama nyuma ya ukumbi.

"Anaitwa Shomvi Kitwana," alisema. "Wenzake ni Mbaruku na Tindwa. Naomba tu muandike kwamba wamekufa na kwamba hawakuwa maadui. Nilikuwa mwalimu. Ni sentensi moja, naweza kuwaandikia mimi."

Wajumbe wote waligeuza nyuso nyuma, na kwa kitambo kidogo alidhani wamemsikia. Mwenyekiti akamshukuru, akasema maneno yake yamewagusa wote.

"Lakini jina la mtu si fungu," alisema. "Baraza linashughulikia mafungu ya watu. Tukiingiza majina, mama, hatutamaliza."

Jioni ile, nyumbani, alimwambia Semeni kuhusu njia ya msajili. Hakumaliza. Semeni aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Hiyo tuliambiwa zamani, mimi na mke wa Mbaruku na mama yake Tindwa. Unadhani sikukesha nikiiwaza? Nimwandikishe mume wangu adui, wapake rangi juu ya paa la mtoto wangu?"

"Sikusema ufanye. Nimesema nimeambiwa."

"Wewe utazika, utaondoka. Sisi tutabaki chini ya rangi."

"Yuko ndani ya mfuko, Semeni."

"Najua yuko wapi! Kila Ijumaa napita nje ya ghala lile. Napita tu, nisimame nionekane nasubiri nini? Mume wangu si ametoka kidogo?" Akaketi, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. "Usinichukie, wifi. Nilitaka ujue tu. Ndiyo maana niliandika. Barua zinasomwa, nisingeweza kuandika zaidi ya ule mstari."

Mwanakombo alimsogelea akamshika bega. Mguso ule uliwashtua wote wawili.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha walimu wenzake enzi zake: alisoma kila kitu mpaka mwisho, hata maelezo yaliyo nyuma ya jalada. Asubuhi aliomba kijitabu cha sheria akakisoma chote, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika kwenye maandishi madogo ya mwisho. Hapo palisema: nyumba ya adui ni nyumba ya ndugu aliyemwandikisha. Haikutajwa nyumba ya mke, wala nyumba aliyokuwa akiishi marehemu. Ilisemwa tu ya ndugu aliyemwandikisha.

Nyumba yake yeye Mwanakombo ilikuwa katika nchi nyingine kabisa, ambako Jicho halikufika.

Alirudi kwa Bwana Mtengeti akamwonyesha mstari kwa kidole. Msajili aliusoma mara mbili. Akasema hajawahi kuona mtu akiutumia. Kisha, kwa upole ule ule, akamtajia yanayofuata. Anayemwandikisha adui anakuwa adui naye. Atatoka Usahihi kabla ya jua kuzama siku ya mazishi, na hatarudi tena maisha yake yote, wala barua yake haitapokewa nyumba yoyote ya raia. Mifupa haiwezi kutoka nchini. Na jina la ndugu yake litabaki katika daftari la maadui daima, kwa kuwa daftari lile halina mahali pa kufuta.

"Utakuwa umesema uongo juu yake," alisema Bwana Mtengeti. "Nakuambia kama binadamu. Nimelisoma jalada lake. Hakuwa adui wa mtu."

"Kama unajua, kwa nini usiandike wewe?"

Bwana Mtengeti alifunga kijitabu. Nje, mlio ule mwembamba ulipita juu ya ofisi, ukaenda zake.

"Nina watoto wawili," alisema hatimaye.

Mwanakombo alichukua kalamu. Alikuwa amesahihisha makosa ya wengine maisha yake yote. Wino ukadondoka kwenye karatasi. Akaanza upya. Shomvi bin Kitwana, adui. Akatia sahihi.

Walizika siku iliyofuata, saa nne asubuhi. Jeneza la Usahihi lina mipini mitatu, miwili mbele na mmoja nyuma, kwa sababu wabebaji hawawezi kuzidi watatu. Waliolibeba ni Semeni, mke wa Mbaruku, na mama yake Tindwa. Hidaya alikwenda nyuma yao hatua hamsini. Mwanakombo, aliyemfundisha Shomvi kutembea, alikwenda nyuma ya Hidaya hatua hamsini nyingine, na katika njia ile yote alimwona mtoto mgongo tu.

Makaburi yalikuwa uwanda usio na mti. Walipofika Mwanakombo alisimama penye jiwe lililowekwa kuonyesha pa kusimama adui kama yeye, akatazama kwa mbali wanawake watatu wakilishusha jeneza kwa taabu, pembe moja ikienda upande. Hakuweza kusaidia. Angekuwa wa nne.

Ndipo alipomwona mwanamume mmoja amesimama kulia kwake, peke yake, hatua hamsini. Nyuma ya huyo alikuwepo mwanamke. Aligeuka. Kutoka kila njia ya mji watu walikuwa wakija mmoja mmoja, hawakimbii, hawaitani, kila mmoja akisimama katika umbali wake halali, mpaka uwanda ukajaa watu waliosimama kila mtu na upweke wake. Walikuwepo waliokuja kutoka Mchongoma. Mzee mmoja, asiye na ukuta wa kujishikiza, alikuwa ametambaa. Hapakuwa na sheria iliyovunjwa. Kutoka juu, bila shaka, Jicho liliona mtu mmoja, na mtu mmoja, na mtu mmoja.

Semeni alianza kulia kwa sauti, miezi minane yote kwa pamoja, na hakuna aliyemwuliza kama mumewe amerudi. Dua ilisomwa, na kwa kuwa haikuweza kufika mbali, aliyeisikia aliirudia kwa sauti kwa aliye mbali zaidi, naye akairudia, hivyo "amina" ikafika kwa Mwanakombo kwa awamu, ikaendelea kufika hata kaburi lilipokwisha kufukiwa.

Hawakuagana kwa mikono. Semeni alisimama karibu na kaburi, akamtazama wifi yake, akaweka kiganja kifuani. Hidaya alianza kunyanyua mkono kumpungia shangazi yake, akakumbuka, akaushusha. Jua lilipozama Mwanakombo alikuwa ameshavuka mpaka.

Kwao, majirani walikuja kumpa pole, wakakaa msibani siku tatu kama desturi. Alijaribu kuwaeleza. Walisikiliza mpaka alipofika kwenye daftari, na hapo alianza kuwaona wakitazamana. Rafiki yake wa siku nyingi, mwalimu mwenzake Bi Salome, alibaki wengine walipoondoka, akamsaidia kuosha vikombe.

"Ndugu yangu, usikasirike," alisema. "Lakini serikali nzima haiwezi kuandika mtu adui hivi hivi tu. Labda kulikuwa na kitu ambacho wewe hukukijua."

"Niliandika mimi, Salome. Kwa mkono wangu."

"Ndiyo," alisema Bi Salome, akikausha kikombe. "Ndiyo maana nasema."

Baada ya hapo Mwanakombo hakueleza tena. Watu waliacha kumtaja Shomvi mbele yake, wakidhani wanamstahi.

Mwaka ulipotimia ikafika bahasha kubwa yenye muhuri wa Usahihi. Ndani mlikuwa na fomu na barua fupi ya Ofisi ya Uhakiki. Barua ilieleza kwamba uadui ni lazima uthibitishwe kila mwaka. Adui asipothibitisha, uandikishaji wake unabatilika. Marehemu aliyeandikishwa naye anahesabiwa kuwa hakufa, na kaburi linafunguliwa ili mfuko urudi ghalani. Chini, kwa kalamu ya mkono, mtu alikuwa ameongeza: "Mjane na mtoto ni wazima. Mchongoma wamekimalizia kisima. M."

Mwanakombo alisafisha meza, akavaa miwani, akakaa. Jina la adui, alijaza. Mahali anapoishi, alijaza. Palipoulizwa silaha, akaandika: hana. Palipoulizwa idadi ya wafuasi, akatazama huku na huku nyumbani mwake, akaandika: yuko peke yake.

Kipengele cha mwisho kiliuliza sababu ya uadui, na walikuwa wameacha mistari miwili. Alikaa nacho asubuhi nzima. Chai ikapoa, adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, na kalamu haikugusa karatasi. Kisha akaandika, kwa mwandiko ule wa ubaoni, kila herufi imesimama vizuri, bila kufuta:

"Ni mdogo wangu. Alikuwa anawapelekea watu maji."

Akakunja fomu, akaifunga bahasha, akajitanda kanga, akaenda posta.